Pikapu kuukuu: soma dalili kabla hujanunua spea

Pikapu ya zamani iliyonunuliwa kwa bei ya chini huja na matatizo ya aina tatu, yamelaliana kama tabaka za rangi kwenye mlango wake. Kuna uchakavu wa kawaida, mpira unaokauka na chuma kinachoshika kutu. Kuna kupuuzwa, oili isiyobadilishwa na grisi isiyotiwa. Halafu kuna kazi za mkato za waliotangulia: nyaya zilizosokotwa na kufungwa kwa nailoni, thamostati iliyong'olewa, skrubu ya pampu ya dizeli iliyofunguliwa ili gari "livute". Hizi za tatu ndizo zinazokula muda kuliko zote, kwa sababu dalili unayoiona leo huenda ni ya dawa ya kubahatisha iliyowekwa miaka kumi iliyopita.

Kwa hiyo kila dalili hapa chini ina kipimo chake. Multimita ya kawaida, kipima mgandamizo wa silinda, tochi na daftari vitakuokolea pesa nyingi kuliko sanduku zima la spea za kubahatisha.

Lakini kabla injini haijakushughulisha, angalia breki, usukani na matairi. Pikapu isiyowaka haimdhuru mtu, ila ile inayowaka na kushindwa kusimama inaua. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa limezeeka vibaya. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho wa namba inayoanza na herufi DOT: 2314 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Livue siku hiyohiyo, hata kama linang'aa.

Haiwaki

Neno "haiwaki" halitoshi. Geuza ufunguo usikilize, maana kuna hali nne na kila moja ina njia yake.

Kimya kabisa, na taa za dashibodi hazipo au zinafifia: anza na betri. Betri iliyopumzika usiku kucha na kujaa inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.4 imepungua, na ikisoma 12.0 imekwisha. Mlio mmoja, tak, kisha basi: umeme unafika kwenye soleno ya stata (swichi yake ya sumaku) lakini hautoshi kuzungusha mota. Stata inazunguka kivivu: betri dhaifu, au njia ya umeme ina kizuizi. Stata inazunguka vizuri ila injini haishiki: iache stata, shida iko kwenye mafuta au cheche.

Kwa hali ya pili na ya tatu, kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wengi hukiruka. Weka waya mmoja wa multimita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (si kwenye kibano), na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Multimita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya wa ethi, ule unaourudisha kwenye hasi ya betri. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti kubwa ya stata. Pima pia betri yenyewe stata ikizunguka: ikishuka chini ya volti 9.6 na umehakikisha ilikuwa imejaa, betri hiyo imechoka.

Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu kilinigharimu. Pikapu yangu ilikuwa ikigoma kila asubuhi, nikabadilisha betri, kisha stata, na bado ikagoma. Miezi miwili baadaye nikaona utepe wa ethi unaounganisha injini na chasisi: mtu aliipaka chasisi rangi nzito, akarudisha bolti juu ya rangi ileile. Nilikwangua hadi chuma kikang'aa, nikapaka grisi kidogo, nikakaza. Tangu siku hiyo haijagoma kwa sababu ya umeme. Injini inakaa juu ya mipira, kwa hiyo utepe huo ndio barabara yake ya kurudisha umeme. Ukifungwa, umeme hutafuta njia za panya, mara nyingine kupitia waya wa klachi au wa mafuta, ukauchoma.

Stata ikizunguka vizuri na injini ni ya petroli, chunguza cheche kwanza. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, gusisha mwili wake kwenye chuma cha injini, mbali na petroli yoyote, kisha piga stata. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo, fuata njia: koili, kifuniko cha distribyuta (kutafuta ufa na unyevu), rota, kisha pointi (vidole viwili vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili) kama bado ni za aina hiyo. Nafasi ya pointi kwa injini nyingi za silinda nne ni kati ya milimita 0.4 na 0.5. Pointi zilizoungua na kuwa na kilima upande mmoja na shimo upande mwingine mara nyingi zinakueleza kuwa kondensa, kifaa kidogo kinachozilinda zisiungue, imekufa. Ukibadilisha pointi peke yake, zitaungua tena.

Cheche ikiwepo, nenda kwenye mafuta. Vua mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, piga stata kidogo: petroli iruke kwa vipigo. Isiporuka, usilaumu pampu mara moja. Mpira mkuukuu karibu na tangi ukipasuka hauvuji, kwa sababu pampu inavuta. Badala yake huingiza hewa. Kwa nje utauona mkavu na mzima.

Injini ya dizeli haina cheche, na hilo hurahisisha mambo. Washa ufunguo bila kupiga stata, usikilize kwenye pampu ya dizeli: soleno ya kuzima mafuta igonge. Isipogonga, pima kama umeme unaifikia. Ikigonga, fungua skrubu ya upepo kwenye filta, bonyeza pampu ya mkono hadi itoke dizeli isiyo na mapovu. Kama mapovu hayaishi, kuna mahali hewa inaingia. Kwa injini zinazotumia plagi za kupasha joto, pima kila moja baada ya kuitenga na nyingine. Nzima husoma ukinzani mdogo sana, mara nyingi karibu omu moja au chini yake. Isiyosoma chochote imekatika.

Inawaka jioni, asubuhi betri imekufa

Injini ikinguruma, pima betri: kati ya volti 13.8 na 14.4 alternata inachaji. Chini ya 13 haichaji, na ikivuka 15 kidhibiti kimeharibika na betri itachemka hadi ikauke. Kama kuchaji ni sawa, kuna kinachonyonya usiku. Zima kila kitu, vua kibano cha hasi, unganisha multimita kwa njia ya ampea kati ya kibano na nguzo, halafu chomoa fyuzi moja moja. Pikapu isiyo na kompyuta wala kingamwizi haina sababu ya kunyonya zaidi ya miliampea 50. Ukimaliza fyuzi zote na bado inanyonya, tenganisha waya mnene wa alternata, maana daiodi iliyovuja hupitisha umeme kinyumenyume bila kupitia fyuzi hata moja.

Inachemsha

Hapa ndipo pikapu nyingi za zamani hufia, na mara nyingi zingeweza kuokolewa. Usitazame mshale tu. Jiulize inachemsha *lini*.

Ikichemsha ukiwa kwenye foleni au ukienda polepole, lakini inapoa ukikimbia, upepo hautoshi. Angalia fenibelti, klachi ya feni na ile plastiki inayozunguka feni. Watu huitupa plastiki hiyo wakidhani ni pambo, kumbe bila hiyo feni huzungusha hewa ileile ya ndani badala ya kuivuta kupitia rejeta. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono, uangalie usiguse rejeta: ikizunguka huru bila ukinzani, klachi yake imekwisha.

Ikichemsha kwenye mwendo wa kasi au kwenye mlima ukiwa na mzigo, maji hayapiti ya kutosha. Rejeta imeziba, au mapezi ya wota pampu yameliwa na kutu, au mpira wa chini unajibana ukivutwa na pampu. Huu wa mwisho ni mgumu kuugundua kwa sababu ukisimama unarudi kuwa mzima. Mwenzako akanyage mafuta huku wewe ukiutazama. Kwa rejeta, baada ya injini kupata moto na kuzimwa, papasa uso wake kwa tahadhari: sehemu iliyo baridi katikati ya moto ndiyo iliyoziba.

Ikichemsha wakati wote, hata asubuhi baada ya dakika chache, fikiria thamostati iliyokwama, hewa iliyonaswa ndani, au gasketi ya silinda hedi.

Thamostati inastahili maneno yake. Katika injini nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 au 88 za Selsiasi. Kuing'oa kumekuwa dawa ya kila mtu, nami nasema wazi kwamba ni dawa mbaya. Injini isiyofikia joto lake hunywa mafuta na kulika silinda. Zaidi ya hapo, kwenye baadhi ya injini thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi, maji ya moto yanazunguka ndani ya injini bila kupita rejeta, na gari linachemsha *zaidi*. Kuijaribu ni rahisi: iweke kwenye sufuria ya maji, pasha, utazame inafunguka na kufunga.

Mfuniko wa rejeta nao ni kifaa, si kizibo. Mingi hushikilia shinikizo la bari 0.9 hivi, na shinikizo hilo ndilo linalofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Mpira wa mfuniko ukipasuka, maji huchemka mapema na kumwagika, nawe utahangaika kutafuta kosa lisilokuwepo. Usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto. Nimeona mtu akiunguzwa uso na mkono kwa sekunde moja.

Sasa gasketi ya hedi, ambayo kila mtu huiogopa. Washa injini baridi kabisa, ukamate mpira wa juu wa rejeta. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Mapovu yasiyoisha kwenye shingo ya rejeta yanasema hivyohivyo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni dalili nzito. Lakini ute mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake si ushahidi: gari linalokwenda safari fupifupi hutengeneza ute huo kwa unyevu tu.

Ukifungua hedi, usibadilishe gasketi na kufunga. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake, upime mwanya kwa filagaji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), ulinganishe na kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Iliyopinda isawazishwe kwa mashine, na ikaguliwe nyufa kati ya valvu. Injini za dizeli za Toyota aina ya 2L zinajulikana kwa kupasuka hedi zikichemsha, kwa hiyo usiamini macho, ipimwe kwa shinikizo.

Na maji kwenye oili hayatoki kwenye gasketi tu. Injini ya petroli ya 22R, iliyofungwa kwenye Hilux nyingi, za mwanzo zilikuwa na mnyororo wa muda (unaozungusha kemshafti) wa safu mbili. Za baadaye zikapewa wa safu moja na miongozo ya plastiki. Plastiki ikivunjika, mnyororo hulegea na kusugua kifuniko cha mbele hadi ukatoboa njia ya maji. Kabla ya hapo hukuonya: mlio wa kugongagonga upande wa mbele ukiwasha asubuhi, unaopungua baada ya sekunde kadhaa. Ukiusikia, fungua kabla maji hayajachanganyika.

Mwisho kuhusu maji: ukikuta ya kahawia, safisha mfumo wote kisha weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini. Maji ya bomba peke yake ndiyo yaliyoila ile wota pampu.

Moshi

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka kwa wingi unapowasha baada ya gari kulala kisha ukaisha, au ukitoka unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu, sili za valvu zimekauka. Ukitoka kila unapovuta mzigo, ringi za pistoni zimechoka. Kwenye injini ya petroli hakikisha kwa kipima mgandamizo: silinda iliyo chini, itie kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, ni ringi. Isipopanda, ni valvu. Usifanye hivyo kwenye dizeli, maana nafasi juu ya pistoni ni finyu mno na oili haibanwi.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Anza na filta ya hewa, ambayo ni rahisi kuliko vyote. Kwenye kabureta angalia choki iliyokwama na boya linalovuja. Kwenye dizeli, baada ya filta, peleka nozeli zikapimwe, na uulize kama ile skrubu ya pampu imechezewa.

Mweupe wa dizeli asubuhi, unaowasha macho, ni mafuta yasiyoungua: plagi za joto, pampu kusukuma dizeli kwa wakati usio wake, au mgandamizo mdogo. Mweupe mzito usioisha, unaoambatana na maji kupungua, unakurudisha kwenye hedi.

Breki

Mguu wako ndio kipimo. Kanyaga pedali injini ikiwa imezimwa na uushikilie. Ikizama polepole hadi chini bila uvujaji wowote nje, sili za ndani za masta silinda (ile inayosukumwa na pedali) zinapitisha. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa, toa upepo kuanzia gurudumu la mbali zaidi na masta. Ikishika baada ya kupampu mara mbili tatu, brekishuu za nyuma zimeachana mno na ngoma, zinahitaji kurekebishwa. Ikiwa ngumu kama jiwe, busta, inayousaidia mguu kwa mvuto wa hewa, haipati mvuto huo. Kwenye dizeli tazama pampu ya mvuto, ambayo aghalabu imeshikwa nyuma ya alternata.

Kuvuta upande mmoja husingiziwa usukani. Inua magurudumu ya mbele, kanyaga breki, achia, uzungushe kila gurudumu. Lisiloachia lina kalipa iliyoshika kutu, au mpira wa breki uliovimba kwa ndani: mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu lakini hayana nguvu ya kurudi. Fungua skrubu ya upepo. Gurudumu likiachia hapohapo, shida iko nyuma ya skrubu hiyo, na mpira ndio mshukiwa wa kwanza.

Jambo moja ni la pikapu hasa. Nyingi zina valvu juu ya akseli ya nyuma yenye mkono mrefu, inayopima mzigo na kuamua breki za nyuma zipate nguvu kiasi gani. Mwenye gari wa zamani akiongeza majani ya springi ili libebe zaidi, chasisi hupanda, na valvu huamini kwamba gari halina mzigo. Breki za nyuma zinadhoofika siku unayozihitaji kuliko zote. Ukikuta springi zimeongezwa au mkono umefungwa kwa waya, rekebisha hapo kabla ya kulaumu liningi.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu. Ya daraja la DOT 4 (si ile DOT ya tairi) ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini kiwango kinachokubalika ikishapata unyevu ni 155 tu. Usipojua ni ya lini, imwage yote. Na usitie oili ya injini hata tone, maana kila sili ya mpira itavimba. Vumbi la liningi kuukuu laweza kuwa na asbesto: lilowanishe na kulipangusa, usilipulize kwa upepo.

Milio na mitetemo

Mgongano mmoja unapoingiza gia au kuachia mafuta: krosi (kiungo) ya propela, mhimili unaopeleka nguvu nyuma. Mtetemo unaoongezeka na kasi, uwe umekanyaga mafuta au umeachia: propela au beringi yake ya katikati. Mvumo unaobadilika unapokata kona: beringi ya gurudumu upande unaoelemewa. Usukani ukitikisika kwenye kasi fulani tu, anza na balansi ya matairi, kisha bolijointi na tairodi. Gia zinazokwaruza zote ni klachi isiyoachia. Ikikwaruza moja tu ni sinkronaiza yake, ringi inayolinganisha kasi kabla gia haijaingia. Kwenye gia boksi za zamani zenye sinkronaiza za shaba nyeupe au njano, soma kitabu kabla ya kutia oili ya gia ya daraja la GL-5, kwani viungo vyake vingine hushambulia shaba. Ikiandikwa GL-4, tia GL-4.

Kutu

Simama nyuma ya gari, kisha ubavuni. Mwanya kati ya kabini na kasha la mizigo uwe sawa juu na chini. Ukiwa mpana juu na kubana chini, au kinyume, chasisi imekunjika, na hapo bei rahisi uliyopewa imejieleza.

Kisha ingia chini na nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu. Gonga hasa mahali springi zinaposhika, chasisi inapopinda juu ya akseli ya nyuma, na panapoegemea kabini. Kutu ya juu juu inakwanguliwa, inatiwa dawa ya asidi ya fosforasi, inapakwa rangi. Iliyobanduka kwa magamba ipimwe unene uliobaki. Iliyotoboka ikatwe hadi chuma safi ndipo ichomelewe kiraka. Kuchomelea bati juu ya kutu kunafungia unyevu ndani.

Kabla ya kuchomelea tenganisha betri na alternata, na kama ni karibu na tangi, ling'oe. Tangi tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ni mvuke unaolipuka. Rangi ya bodi iwe ya mwisho kabisa. Najua inauma kuendesha gari lenye mabaka kwa mwaka mzima.

Ulichokitengeneza kikiamsha kingine

Hili huwavunja moyo wengi katikati ya kazi. Unaweka mfuniko mpya wa rejeta, wiki moja baadaye mpira unapasuka. Mfuniko si mbaya. Mfumo umerudi kushika shinikizo lake, na mpira uliokuwa umeoza haukuwahi kujaribiwa. Masta silinda mpya hufichua silinda za magurudumu zinazovuja. Injini iliyorudishiwa nguvu hufichua klachi inayoteleza.

Kwa hiyo badilisha kitu kimoja kwa wakati, andika tarehe na kilomita, endesha safari fupi, rudi ukaze nati zote ulizozigusa na ukague kifaa kinachofuata kwenye njia ileile: baada ya mfuniko, mipira, baada ya mipira, rejeta, baada ya rejeta, wota pampu. Daftari langu lina ukurasa mmoja kwa kila mfumo, na ukurasa wa breki ndio wa kwanza.